Ubavu Ukajenge Pua?

Benchi la pale kona lina miguu mitatu na tofali moja, lakini hukaliwa na watu ambao wameshatatua matatizo ya dunia nzima, isipokuwa ya majumbani kwao. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa bado inatoa moshi, na Randa, fundi seremala, alikuwa ameshavimba kwa hasira. Mfukoni alikuwa na fomu ya hospitali. Binti yake, fundi cherehani wa miaka kumi na saba, alikuwa afanyiwe upasuaji kesho yake. Pua yake ilibonyea tangu utotoni, na matundu yamebanana hata analala ameketi. Fomu ilitaka sahihi ya mzazi.

— Sikieni maajabu! alifoka Randa. Wanataka kumpasua ubavuni, wachukue gegedu, ule mfupa laini, wakamjengee pua!

— Ubavu? aliruka Wembe, kinyozi ambaye kwa kushika vichwa vya watu kutwa hujiona nusu daktari. Pua iko juu, ubavu uko chini. Hao wamepotea njia!

— Na ndio wanaojiita wataalamu! aliitikia Randa.

Spana, fundi magari, aligonga benchi hadi tofali likayumba.

— Huo ni wizi! Gari likija kwangu limebonyea boneti, nikang'oa bati la mlango kuzibia, si mwenyewe atanifunga? Mwambie daktari atafute spea mpya!

— Nilimwambia! Eti cha kigeni mwili unaweza kukikataa, cha kwake mwenyewe unakijua.

— Mwili ukatae, una mdomo? alidakia Wembe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake, ufa uacheni!

— Hawakumaanisha hivyo, muuza kahawa alinong'ona.

— Wewe mimina kahawa!

Wembe alisogea mbele.

— Wengine hukatwa gegedu la sikio. Sasa fikirini, sikio puani! Mtu akipiga chafya si anajiziba masikio? Atakuwa ananusa redio!

— Bora hata sikio, alisema Spana. Ubavu ukipungua mtu anainama. Mwaka wa kwanza kidogo tu, wa tatu anatembea kama kaa.

— Ndiyo maana wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, Wembe aliongeza kwa huzuni.

— Na kipande kinachobaki kinakwenda wapi? aliuliza Spana. Hapo sasa! Kuna tajiri mahali anasubiri pua!

Randa aliyapokea yote. Alijua mengine ni upuuzi, lakini aliyahitaji. Tangu jana alikuwa anatafuta mtu wa kumkasirikia, na daktari ndiye aliyepatikana.

— Ubao uliomwangukia puani niliuegemeza mimi! alipasuka. Karakanani kwangu, akiwa na miaka tisa! Nimemvunja mara moja. Leo nimpe mtu kisu amvunje mara ya pili, tena kwa sahihi yangu? Haiwezekani!

Wembe alimsogezea kikombe cha kahawa. Na hapohapo binti mwenyewe akatokea, vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni, anahema mdomo wazi kama aliyekimbia, ingawa alikuwa ametembea taratibu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu, alijibu Wembe. Umekuja wakati mzuri. Tumeshakuamulia. Kataa!

Binti akavuta pumzi kwanza.

— Nikikataa, nitapumulia wapi?

Spana alilitazama tofali. Muuza kahawa aliendelea kumimina kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

— Baba, meza ya mtu ikipasuka, unaiziba kwa mbao gani?

— Ya mti uleule, alijibu Randa kabla hajafikiri.

— Kwa nini?

Alilijua jibu. Amewaambia wateja miaka thelathini kwamba mbao ngeni hunywea vibaya na kuachia.

— Baba, nimechoka kulala nimeketi.

Randa akaitoa fomu, akaikunjua gotini, akachomoa penseli sikioni.

— Ya penseli hawaipokei, Baba.

Akawageukia wenzake. Benchi zima la maprofesa, hakuna hata mmoja mwenye kalamu. Binti akampa yake. Randa akaandika jina lake taratibu, herufi kubwakubwa, na binti akaishika ile karatasi isiteleze.