Bamba la Zege

Pale konani, kati ya duka la nyaya na kibanda cha kinyozi, kuna benchi ambalo uongo wake ukiwekwa kwenye mizani, mizani itaomba likizo. Leo kibanda kimefungwa. Kinyozi amezikwa asubuhi. Bamba la paa lilimwangukia jana akisubiri wateja, mchana kweupe. Bamba lenyewe, la saruji iliyochanganywa na nyuzi za katani, alilitengeneza Zege. Na Zege huyo yupo benchini, kikombe mkononi, anaongea kuliko wote, maana akinyamaza ataanza kuwaza.

— Kazi yangu haina kosa, jamani. Siku nilipolitoa kwenye kalibu nilisimamisha wanaume watatu juu yake. Likacheka tu!

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Kiraka, mshona viatu.

— Guu lipi? akauliza Zege. Mwenzetu kapasuka kichwa.

— Methali haichagui kiungo.

Mama wa kahawa akamimina bila kucheka.

— Mimi nasema ni mnara wa simu, akaingia Waya, fundi umeme. Unatetemesha mtaa mzima. Redio yangu siku hizi inakohoa.

— Mnara wapi! Paka hao, akadakia Kiraka. Paka wa muuza nyama, kila mmoja kama ndama. Haba na haba hujaza kibaba: wakikutana wote juu ya paa moja, je?

— Na mwezi? akaongeza Waya. Unavuta bahari nzima, utashindwa na paa la kinyozi?

Zege aliitikia kwa kichwa. Mnara, paka, mwezi, wote aliwakaribisha kama wageni wenye zawadi.

— Ila, ndugu yangu, Waya akasita, wenzako huchemsha katani kwanza. Halafu saruji huipunguza makali kwa majivu ya pumba za mpunga.

— Majivu ni ya jikoni! Mimi nikitaka bamba ligangamale nazidisha katani. Umoja ni nguvu. Tena saruji kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokaza. Ningekuwa na shaka, ningemwezekea binti yangu? Kajifungua juzi, kalala na kichanga chake chini ya mabamba yangu, hana habari!

Hapo akafika dada wa kinyozi, udongo wa kaburini bado miguuni, kipande cha bamba mkononi. Wote wakainuka.

— Pole sana, dada.

— Tumeshapoa. Nimeambiwa humu ndani mna katani. Ndiyo hii?

Akachomoa uzi kwenye ukingo uliovunjika. Ukasagika vidoleni, ukabaki unga wa kahawia kama ugoro. Saruji iliyouzunguka ilikuwa ngumu kama jiwe.

— Saruji imeila, Waya akanong'ona. Imeila polepole, miaka yote hii.

Zege akapeleka kikombe mdomoni. Kilikuwa kitupu.

— Mimi si fundi, baba, nauliza tu. Bamba la kaka yangu na yale ya binti yako, yapi yalitangulia kuezekwa?

Mama wa kahawa akainamisha birika, likatoa makapi.

Paa la binti yake ndilo Zege alilojifunzia kazi ile, la kwanza kabisa.

Akaweka kikombe benchini, kikaanguka, hakugeuka. Mtu aliyezoea kutembea kama mwenye mtaa alikuwa anakimbia.