Mkono wa Karani

"Kompyuta ya ofisi wameibadilisha sura yote," karani wa masjala alimwambia fundi cherehani aliyeketi naye kwenye basi letu la asubuhi. "Miaka kumi na moja mkono wangu unakwenda pembeni wenyewe, sasa kitufe kiko katikati! Si wangeniuliza?"

"Utazoea, dada. Upe wiki mbili."

"Mkono huu ni mbishi kuliko mimi."

Mimi, niliyeketi nyuma yao, sikuamini kama hilo linawezekana.

"Basi upe mwezi."

"Hata mwaka, kaka yangu!" Akaunyoosha mkono huohuo juu ya dirisha, akabonyeza kengele bila kutazama. Basi likasimama, akashuka huku bado analalamika.

Mwezi uliopita kengele hiyo ilikuwa mlangoni. Ilipohamishwa, yeye ndiye aliyepiga kelele kutushinda wote.