Dubu wa Ivalu Hakupigwa Risasi

Benchi lenyewe ni ubao mnene uliotolewa kwenye kreti la meli ya mizigo, umewekwa ukutani mwa duka, upande ule usiopigwa na upepo wa barafu. Hapo ndipo mambo ya kijiji huamuliwa, hupikwa na kutiwa chumvi. Halmashauri ina ofisi yake yenye mapazia, lakini nani ana shida ya kwenda huko? Siku hiyo jua la Agosti lilikuwa limechachamaa, mbwa wa kuvuta sleji, zile gari za kuteleza juu ya theluji, wamejilaza na minyororo yao, na kule ghubani imetia nanga meli ya watalii, nyeupe pe, ndefu kuliko safu ya nyumba zetu zote. Tobiassine alikuja na chupa mbili za kahawa badala ya moja. Wanaomjua wakajua mwanamke huyu leo ana lake.

Na lake lilikuwa limeshasikika. Asubuhi hiyo, baada ya hali ya hewa, redio ya kijiji ilikuwa imetangaza: leo nyumbani kwa Tobiassine kuna kahawa na keki za kumpongeza binti yake Ivalu kwa kupata dubu wake wa kwanza, wote mnakaribishwa. Kijiji kizima kilisikia. Kijiji kizima kikaguna.

— Mimi nauliza kitu kimoja tu, alianza Kapteni kabla Tobiassine hajamimina hata kikombe. Nyama iko wapi?

Kapteni ni Mzee Erneeraq. Hajawahi kuongoza chombo kikubwa kuliko boti yake ya injini moja, ila amri anazotoa zingetosha kuzamisha manowari. Dubu aliowapata maishani mwake hata yeye amechoka kuwataja. Kwa hiyo kwenye mambo ya dubu watu humwangalia yeye: akienda kwenye sherehe, wanakwenda, akibaki kwake, keki zinakauka mezani. Tobiassine alilijua hilo, ndiyo maana alibeba chupa mbili.

— Karibu kahawa kwanza, mjomba, alisema Tobiassine, akiwamiminia wote.

— Kahawa nitakunywa. Nyama iko wapi?

— Hakuna nyama. Dubu yuko hai.

— Mnasikia? Dubu yuko hai! Sasa hiyo ni sherehe ya dubu au ya keki?

Msumari, mwembamba yule ambaye hata koti la manyoya halimpi umbo, alicheka hadi kahawa ikamwagikia buti.

— Kapteni, acha ubishi, alisema Redio. Redio kazi yake ni kupokea helikopta inapotua, lakini helikopta haiji kila siku, basi siku nyingine zote yeye hupokea habari. Mimi nimeyapata yote, akaendelea. Meli ilimchukua Ivalu wiki mbili awasimamie watalii, awatafutie wanyama. Kule kaskazini akasimama mbele kabisa, omoni, na darubini yake. Watalii mia nzima wamelala fofofo kwa mayai na soseji. Yeye akaona doa la manjano juu ya pande la barafu. Akasema, dubu yule! Meli ikazima injini. Wakatoka wote, wengine na malapa.

— Malapa kule?

— Malapa, Msumari! Wakatazama weee, wakapiga picha, wengine wakalia. Halafu meli ikaondoka na dubu akabaki zake.

— Ehe, alisema Kapteni. Akabaki zake. Wewe mwenyewe umesema.

Tobiassine aliweka chupa chini. Hakuwa amekuja kuombwa radhi wala kuomba radhi.

— Mjomba Erneeraq, nikuulize na mimi. Dubu hapa kwetu ni wa nani?

— Wa aliyemwona kwanza. Hilo hata mbwa wanalijua.

— Wa aliyempiga?

— Mpigaji anapata fungu lake. Ngozi na jina ni vya aliyeona.

— Hata kama ni mtoto?

— Hata kama ni mtoto wa kubebwa mgongoni. Amaalia wa hapa hapa kijijini alimpata wa kwanza akiwa na miaka mitatu, amefungwa kwenye sleji kama furushi, kanyoosha kidole.

— Basi sheria inauliza kidole. Risasi imeulizwa wapi?

Msumari akampiga Redio kiwiko, kama kusema leo mzee kapatikana.

— Haikuulizwa, alisema Kapteni polepole, kwa sababu risasi ilikuwepo siku zote! Nani alifikiria mtu atamwona dubu, amtazame, amuage na kwenda kula chakula cha mchana?

— Tena kuna jambo hamjaliangalia, akadakia Redio. Ile meli ina rada. Rada inaona hata ndege aina ya shakwe akikohoa. Kwa hiyo aliyemwona dubu kwanza ni rada.

— Eeh! Kumbe dubu ni wa rada! Msumari alisimama kabisa. Na rada ni ya meli, na meli ina bendera ya nchi gani sijui huko. Basi dubu huyo sasa ni raia wa kule. Akija kutupa shida jalalani kwetu mwezi wa kumi, haruhusiwi kupigwa, tunatakiwa tumwite balozi wao.

— Atakuja na pasipoti mdomoni.

— Na picha ya pasipoti wameshampiga, wamempiga mia!

— Hizo picha ndizo hatari, Redio akashusha sauti kama mwenye siri ya serikali. Watu mia, kila mmoja kamchukua kidogo. Miye nakwambia, yule dubu sasa hivi amebaki mwepesi. Atakanyaga theluji bila kuacha nyayo. Ndugu yangu wa kule upande wa kusini alimwona mbweha wa namna hiyo, amepigwa picha mpaka akawa anaonekana upande mmoja tu.

— Mwongo mkubwa wewe!

— Upande wa kushoto tu. Ukizunguka, hayupo.

Walicheka mpaka mbwa wakainuka na kuanza kulia nao. Tobiassine hakucheka. Uso ulikuwa umemwiva.

— Chekeni, alisema. Chekeni tu. Nyie wote mlikuwa na baba wa kuwakalisha kwenye sleji. Baba yake Ivalu alipanda helikopta akiwa na begi moja, na Redio ndiye aliyemfungia mlango. Nani kati yenu alikuja kusema, Tobiassine, nipe mtoto nimpeleke kwenye dubu? Kila masika mlipita pale mlangoni kwangu na watoto wenu, na wangu amesimama dirishani. Rika lake lote lina dubu. Yeye tu hana. Amekaa miaka ishirini na miwili anakula dubu wa watoto wa wenzake na kupongeza. Leo kapata wake kwa macho yake mwenyewe, mnaniuliza nyama!

Msumari alikaa chini. Redio aliangalia kofia yake, akaigeuza ndani nje. Kapteni alinywa kahawa yote kwa mkupuo, na ilikuwa ya moto.

— Si kwamba namnyima, alisema mwishoni, na sauti ilikuwa imepungua. Ila dubu wa kwanza, binti yangu, hugawanywa. Wote wanakula, mwenye dubu hali. Habaki na kipande. Ndivyo anavyokuwa mtu mzima. Sasa Ivalu kagawa nini?

Hapo Tobiassine alikwama. Maana hilo ni kweli, na ukweli wa aina hiyo humuuma mtu kuliko matusi.

Wakati huo huo boti za mpira za meli zilikuwa zimefika ufukweni, na makoti mekundu ya watalii yalianza kupanda mlima kwa mwendo wao ule wa kuogopa kuteleza. Mbele yao alikuwa Ivalu, jua limemchoma pua, kamshika mkono bibi mmoja mgeni, mfupi, mwenye nywele nyeupe na fimbo mbili. Tobiassine aliinuka, akamkumbatia mwanawe, akamnusa shavu kama alivyokuwa akimnusa utotoni. Kisha wote wakasalimiana, na bibi akapewa nafasi katikati ya benchi na kikombe mkononi.

Bibi alisema maneno mengi, akimpigapiga Ivalu begani.

— Anasemaje? aliuliza Kapteni.

Ivalu aliona haya.

— Anasema mambo tu.

— Tafsiri, mwanangu, alisema Tobiassine.

— Anasema macho yake mabovu. Siku ile wenzake walipiga kelele dubu, dubu, yeye anaona weupe mtupu. Nikampa darubini yangu. Anasema alimtazama mpaka meli ikaondoka.

— Na wewe ulimtazama kwa kitu gani, kama darubini ulimpa? aliuliza Kapteni.

— Sikumtazama, mjomba. Nilimwona mara moja tu, nikanyoosha kidole. Watu walipojaa nikawapisha mbele, nikageukia upande wa pili. Si kuna wakati dubu wanakuwa wawili? Na watalii wale hawajui. Wengine walikuwa na malapa.

— Kwa hiyo watu mia walimtazama, wewe hapana.

— Ilikuwa lazima mtu mmoja aangalie mgongo wao.

— Na picha?

— Sina hata moja.

Kapteni aliitikia kwa kichwa taratibu, akiangalia kikombe kitupu, akinong'ona: wote wamekula, mwenye dubu hakula. Tobiassine alimwona, akakijaza tena kile kikombe. Bibi akauliza walikuwa wanabishania nini, na Ivalu akamweleza kwa ufupi: hapa dubu ni wa aliyemwona kwanza. Bibi akasikiliza, akafikiri, akauliza kitu kimoja kifupi. Ivalu akacheka, halafu akaacha kucheka.

— Kauliza nini? Redio hakuweza kusubiri.

— Anasema, alipopata darubini ikakaa sawa machoni, dubu alikuwa tayari amekaa kitako, anatutazama. Anauliza: je, kama dubu ndiye aliyetuona kwanza? Nani basi ni wa nani?

Msumari alimwangalia Kapteni. Kapteni aliangalia barafu kule ghubani, mzee aliyewafuata dubu maisha yake yote, anayejua vizuri kuliko yeyote pale kwamba dubu ana pua ya kunusa mtu toka ng'ambo ya mlima. Alitazama muda mrefu, kama anawapanga mmoja mmoja wale dubu wake wote, akijiuliza ni wangapi walikuwa wamekaa wanamsubiri.

— Hilo, alisema, hata baba yangu hakuwahi kuulizwa.

Akainuka, magoti yakalia. Akavua glavu ya mkono wa kulia. Kwa Kapteni, glavu huvuliwa kanisani na mbele ya mtu aliyepata dubu, basi. Akaunyoosha mkono ule mkavu wenye makovu ya kamba za mbwa.

— Mwenye dubu, alimwambia Ivalu. Hongera.

Ivalu aliupokea kwa mikono miwili. Nyuma ya Kapteni akaja Redio, kisha Msumari aliyevua glavu zote mbili kwa kiherehere, na bibi mgeni naye, asiyeelewa lolote, akaacha fimbo zake benchini akapanga foleni. Watu waliokuwa wanatoka dukani na mifuko yao wakaona Kapteni kavua glavu, wakaweka mifuko chini wakaja.

— Haya, kahawa iko nyumbani, alisema Tobiassine, akiziokota chupa zake.

— Mwenye dubu atangulie, alisema Kapteni, sisi tutafuata.

Ivalu akatangulia kupanda njia ya changarawe, na kijiji nyuma yake. Tobiassine alitembea nyuma ya binti yake, kichwa juu, kifua kimejaa, akiwaangalia majirani wote usoni mmoja baada ya mwingine.