Miparachichi ya Boke na Shamba la Yeremia

Nilikuwepo. Atakayewahadithia tofauti aliletewa habari. Mimi nilikuwa nimeikalia. Benchi letu hapa Kerende ni ubao juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha Boke, muuza kahawa, na upande ulio imara ni wangu, ndiyo maana naona mbali. Asubuhi hiyo ukuta wa kibanda ulikuwa na alama ya X, rangi nyekundu bado mbichi. Eneo linatakiwa na mgodi, na saa sita wathamini wangerudi kuchukua alama ya dole gumba la Boke kwenye karatasi za fidia. Badala ya kufunga vyombo, Boke alitokea shambani kwake, hapo nyuma ya kibanda, na udongo mpaka viwikoni. Alikuwa amepanda miparachichi. Miche iliyooteshwa kwa mbegu! Ile ambayo ukiipanda unamwachia mjukuu.

Nchagwa tunamwita Mahakama, kwa kuwa huhukumu kabla ya kusikiliza. Akaanza yeye.

— Boke, umetegesha! Umesikia wanalipa miti, ukachomeka miti.

— Sijategesha, tata Nchagwa. Nimemfuata Yeremia.

— Yeremia yupi? Yule fundi pikipiki wa Bomani?

— Nabii! Jumapili katekista Efrazia alimsoma. Mji umezingirwa na jeshi la Babeli, yeye mwenyewe kafungwa, maana aliwaambia wakubwa mji utaanguka kwa vile wanaonea wajane na wageni. Humo humo kifungoni ndugu yake akaja kumuuzia shamba. Akanunua!

— Shamba ambalo adui ameshalikalia?

— Hilo hilo. Hati akaiweka kwenye chungu isioze.

Mahakama akajipiga paja.

— Basi huyo ndiye mtegeshaji wa kwanza duniani! Alijua fidia inakuja. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Babeli wanaingia, Yeremia anapona!

Mayunga, mchimbaji aliyetokea Geita, tunamwita Karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwa jinsi anavyosaga karanga kwa meno. Akatikisa kichwa.

— Mahakama, wewe hujui mawe. Lile shamba lilikuwa na dhahabu. Nani anaweka hati kwenye chungu? Mle mlikuwa na sampuli! Na lile shimo la matope walimomtupa baadaye, wakamvuta kwa kamba, mnadhani lilikuwa shimo la nini? Duara la wachimbaji! Alishuka kuchimba mwenyewe. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Sasa mimi siwezi kushindwa uongo na mtu wa kuja. Nikasafisha koo.

— Ninyi mnasoma juu juu. Yeremia alikuwa Mkurya, upande wa mama.

— Acha wewe!

— Nani mwingine anapigwa, anafungwa, anatupwa matopeni, na akitoka bado anabishana? Mfalme akachoma maandishi yake, yeye akaandikisha mengine, akaongeza na makali. Huyo ni wa huku, mura!

Tulicheka sisi. Boke hakucheka.

— Chekeni. Mimi sijasema sitaondolewa. Yeremia naye hakusema mji utapona. Waliosema utapona ni manabii wa kujipendekeza. Yeye alisema utaanguka, halafu akanunua. Aliambiwa iko siku watu watalima tena nchi ile ile. Wakija saa sita, dole langu ni hili, lina udongo. Silitii kwenye wino wao.

— Watakutoa kwa nguvu.

— Wanitoe! Lakini watamtoa mtu anayepanda, si mtu anayefungasha.

— Maneno ya kanisani, — alisema Mahakama. — Unataka fidia kama sisi wote. Hukumu nimeshatoa.

Hapo akafika mama mmoja na kapu la mahindi, Klementina wa Busawe, amekuja kumwona dada yake. Akatuamkia shikamooni, akapewa kikombe, akawa analitazama shamba.

— Samahani, hiyo kutegesha ndiyo nini?

Mahakama akamweleza kwa raha zote: ukisikia ardhi inachukuliwa, unasimamisha vibanda na kusonganisha miche kama nywele, ili siku ya tathmini iwe mingi. Sote hapa tumefanya.

— Sasa huyu mwenzenu, mbona miche yake ameiachia nafasi ya kukua?

Tukageuka. Kweli bwana, kati ya mche na mche ng'ombe wangeweza kugeuka na plau. Kwetu sisi hata kuku hapiti. Na mche ulio karibu na benchi ulikuwa umetoa jani jipya, jekundu kama ulimi wa ndama. Karasha aliacha kutafuna, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Boke akainamisha birika. Yakatoka machicha tu, kahawa imekwisha. Karasha akainuka, akachukua ndoo, akaenda kumwagilia miche.

Saa sita wathamini walifika. Boke akawasalimu vizuri, mikono nyuma. Wakaondoka na wino wao. Watarudi, tunajua.

Yote haya ni kweli tupu, naapa kwa benchi. Ila jani. Jani nimelitia mimi. Mche ule haukuwa na jani jipya siku ile, na mpaka leo hauna. Lakini kila asubuhi, kabla ya kahawa, tunapita kuutazama, Mahakama akiwa wa kwanza. Na anayetaka kusema hautachipua, aje aseme hapa, mbele ya Boke.