Mama Perez na Tai ya Bwana Harusi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kupokea simu za watu waliokwama barabarani, Mama Perez Ogola anastaafu tarehe 31 Machi. Kati ya Kisumu na Bondo, ni dereva gani hajawahi kutulizwa na sauti yake?

Alipojiunga na Ziwani Uokoaji wa Magari mwaka wa 1994, ofisi ilikuwa na simu moja, lori moja na kiti kimoja. Swali lake la kwanza halijabadilika: "Wewe mwenyewe uko salama?" La pili ni kimo cha gari. Mwaka ule wa kwanza alisahau kuliuliza, na lori likarudi na bango la kinyozi juu ya mzigo. Hadithi hiyo huisimulia mwenyewe, akicheka mpaka machozi.

Mimi nina sababu yangu ya kumpenda. Desemba iliyopita, asubuhi ya harusi yetu, Dalmas wangu, dereva wetu hapa, alikuwa akitoka Bondo na pikapu yenye kijumba mgongoni, kitanda na jiko ndani, tuliyoazimwa kwa fungate. Ikazima karibu na Kombewa. Hangeweza kuacha gari la watu barabarani, na saa saba pasta alikuwa na harusi nyingine. Nikiwa Milimani nasukwa nywele, niliwapigia wa zamu watume upesi lori la kubebea magari. Sikuuliza kimo! Mimi, ninayekaa meza moja na Mama Perez!

Kwa bahati njema alikuwa amepitia ofisini kuchukua zawadi yetu, kofia ya harusi kichwani. Alilizuia lori langoni, akampigia Dalmas. Dalmas akalalamika kwamba hana futi ya kupimia na saa zinaenda. Mama Perez akamjibu: "Si umevaa tai, baba? Pima nayo. Winny amekungoja miaka minne, dakika tano atavumilia."

Tai mbili na shubiri moja. Juu ya lori, kijumba kingenasa waya wa stima uliolegea njiani, ambao yeye anaujua kama kamba yake ya kuanikia nguo. Akatuma badala yake gari dogo linaloinua magurudumu ya mbele na kuvuta, akamwagiza Dalmas afunge gesi na kila kabati, kisha aketi mbele na dereva.

Saa sita kasorobo, nikiwa mlangoni mwa kanisa nimeanza kulia, niliona taa ya manjano ikizunguka. Dalmas akashuka, mzuri kuliko siku zote, tai imejaa vumbi. Vigelegele! Tai hiyo haitafuliwa kamwe.

Kuanzia Aprili simu hiyo nitaipokea mimi. Nitauliza hali ya mtu kwanza, kisha kimo, hata kama anayepiga ni bibi harusi anayelia.

Asante, Mama Perez, kwa kunifikishia mume. Sisi sote tunakuombea siku ndefu, njia laini, na simu zinazolia kwa salamu tu.