Maisha ya Mwalimu Umejuaje, Aliyelitetea Somo la Kufikiri

Ndugu, jamaa na marafiki, dada yetu mpendwa alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Agosti 1955, mtoto wa tatu na binti pekee wa marehemu baba yetu, fundi cherehani, na marehemu mama yetu, mkunga. Mimi kaka yake mkubwa ndiye niliyetumwa mbio kutafuta mkunga mwingine, maana wa nyumbani ndiye aliyeshikwa na uchungu.

Alianza shule ya msingi Januari 1962. Alipofika darasa la tatu, baba aliitwa shuleni akaambiwa binti yake anauliza mno. Baba akasema, "Maswali yenyewe ni ya kijinga?" Mwalimu akajibu, "Hapana, mzee." "Basi mjibu." Mambo yakaishia hapo. Mwaka 1975 aliingia chuo kikuu kusomea falsafa, akapata shahada ya kwanza 1978 na ya pili 1981. Majirani walisema anasomea kukosa kazi. Hata mimi nilisema hivyo, na leo naomba radhi mbele yenu.

Kazi aliipata. Kuanzia Oktoba 1981 alifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la Utangulizi wa Falsafa na Kufikiri kwa Hoja, katika Ukumbi Namba Nne. Mimi nilikuwa seremala wa chuo hicho hicho, na viti vya ukumbi ule vilikuwa havikawii kulegea, kwa hiyo nimemsikia sana. Kila aliyesema jambo aliulizwa, "Umejuaje?" Ndipo wakambatiza jina hilo. Alikuwa na sharti moja: kabla hujampinga mwenzako, uiseme kwanza hoja yake mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyomaanisha. Siku moja nagonga misumari kule nyuma, kijana akasema, "Mwalimu, huyu anaongea upuuzi." Akamjibu, "Basi useme huo upuuzi vizuri kuliko yeye, halafu uupinge." Kijana alijaribu mara tatu. Ya tatu akakaa chini, akasema kumbe mwenzake ana hoja.

Nimetangulia mno, nirudi kwenye ndoa. Alifunga ndoa tarehe 21 Aprili 1984 na shemeji yetu, dereva wa basi la chuo. Shemeji alipomposa alimpa sababu tatu: kwamba ni mtulivu, kwamba halewi, na kwamba hakuna atakayempenda kuliko yeye. Dada akasema, "Hiyo ya tatu huwezi kuithibitisha. Lakini mbili za kwanza zinatosha." Shemeji amekuwa akiithibitisha hiyo ya tatu kwa miaka arobaini. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa nije kwenye siku ambayo familia hii haitaisahau. Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2014, umebaki mwaka mmoja astaafu, baraza la chuo lilikaa kuamua kama somo lake lifutwe. Mimi nilikwisha kustaafu, lakini chuo kilikuwa kikiniita kwa kazi ndogondogo; siku hiyo nilikuwa nje natengeneza fremu ya dirisha, na nakiri nilitengeneza polepole. Mkuu wa taaluma alitoa sababu nne. Dada akasimama, akazirudia zote kwa ufasaha, bila kejeli, mpaka mkuu akasema, "Hata mimi sikuzieleza vizuri hivyo." Watu wakacheka. Dada akaendelea taratibu: "Katika ya pili umesema somo ni gumu mno, wanafunzi wengi wanafeli. Katika ya nne umesema ni mambo ambayo kila mtu anayajua tangu nyumbani. Chagua moja, mheshimiwa, nitakujibu hiyo." Nyundo ikanitoka mkononi. Kura zilipopigwa, kumi na tisa walitaka somo libaki, kumi na mmoja lifutwe, na miongoni mwa mikono kumi na tisa ulikuwamo wa mkuu wa taaluma mwenyewe. Amekuja leo kumzika, na tunamshukuru.

Alistaafu Agosti 2015. Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Daktari wake alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Kila alipomweleza tiba alitoa na sababu zake kabla hajaulizwa, na dada alifurahi kuliko kupewa dawa. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, muuguzi na mwalimu, mtoto wa kiume mpima ardhi, wajukuu watano na kaka wawili. Ameacha pia somo lenyewe. Keshokutwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, wanafunzi mia saba na kumi wa mwaka wa kwanza wataingia Ukumbi Namba Nne, na atakayesimama mbele yao ni mtu aliyefundishwa na yeye.

Umeshinda, dada. Sasa pumzika, na amani iwe yako.