Bangili ya Kupimia Mpira

Pale Wattaya, mtaa wa mji mmoja wa Kiarabu, nyuma ya maduka ya magari mapya, kuna kiti kisicho na gari. Ni kiti cha nyuma cha Land Cruiser iliyokufa siku nyingi, kimewekwa juu ya matofali mbele ya duka la Ghassan la kushonea viti vya magari, na kila alasiri hukikalia watu walewale. Ghassan mwenyewe huitwa Jumla, maana hajapata kununua kitu kimoja kimoja maishani mwake. Badr ni Muhandisi, ingawa kazi ya umeme aliistaafu zamani na taa ya ukumbini kwake haiwaki. Wa tatu ni Murshid, wanamwita Faili kwa ajili ya miaka yake ya wizarani. Huyu ndiye mdogo wao, kwa hivyo pamoja na mvi zake ndiye anayemimina kahawa: birika mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, na ole wake akosee. Siku hiyo, mwaka elfu mbili na mbili, alikuwa akimimina bila ya kutazama kikombe. Badr alikwisha kumwagiwa kahawa kwenye kanzu.

— We Faili, una nini leo? Kaa basi!

— Nikikaa inanichoma.

Murshid akatia mkono mfukoni, akatoa bangili ya dhahabu.

— Ya Kheiria hii. Nimeichukua kwake asubuhi. Akiikosa kabla sijairudisha, nimekwisha.

— Umekwenda kuiuza? Ghassan alishtuka.

— Nimekwenda kupimia mpira.

Kheiria ni mkewe Murshid. Mwezi ule alikuwa ameingia bolingi na wanawake wenzake wa kazini, ule mchezo wa kubingirisha mpira mzito uangushe pini. Siku ya kwanza alirudi nyumbani macho yanamng'ara, akakuta ndugu wa mume wamejaa ukumbini, akasema alikotoka. Murshid akaangua kicheko. "Mpira huo utakuvuta wende nao!" alisema, na ndugu wote wakacheka. Tangu siku hiyo Kheiria huenda, hurudi, hasemi kitu. Naye alikuwa mtu wa kuhadithia mpaka bei ya kotmiri. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kilimuuma Murshid kuliko alivyotaka watu wajue. Ndipo akaamua kumnunulia mpira wake mwenyewe, kwa kuwa ile ya kukodi ilikuwa ikimuumiza, hata siku moja alirudi na plasta kwenye dole gumba. Lakini fundi wa kutoboa mipira, Mfilipino mmoja, aliitazama ile bangili akamrudishia. Mpira hutobolewa mashimo kwa kipimo cha vidole vya mchezaji, alimwambia. Na kesho anasafiri kwenda likizo kwao, kwa hivyo leo ndiyo leo.

— Bangili inapima kifundo, yakhe, alisema Badr. Mpira unataka uzito. Hesabu yake nyepesi: uzito wa mke, gawa kwa kumi. Kheiria ana kilo ngapi?

— Sijui.

— Miaka yote hiyo hujui?

— Wewe uzito wa mkeo Shaikha unaujua?

Badr akanywa kahawa kwanza.

— Kadiria basi. Hujapata kumbeba?

— Siku ya harusi. Nikaishia mlangoni.

— Nyinyi mnajisumbua, alisema Ghassan. Mpira mwepesi na mzito, bei mbalimbali?

— Bei moja.

— Chukua mzito kuliko yote! Pesa ile ile, mali zaidi.

— Atauinua vipi?

— Mwanamke aliyekuna nazi Unguja tangu utoto? Ule mkono ni chuma! Mweke juu ya mbuzi akune, wewe utazame. Akichoka mapema, mpira mdogo. Akimaliza kapu, mpira mkubwa.

— Siku hizi anatumia tui la kopo.

— Haa! Ghassan alipiga goti lake. Ndiyo maana kidole kimeumia! Ni hilo tui la kopo!

— Kidole hakina kosa, Badr alisema. Kosa la sakafu. Mimi nimeingia ukumbi ule, nimeona kwa macho yangu, sakafu imelala upande wa baharini. Mpira wowote utakwenda baharini. Anataka mpira mwekundu.

— Mwekundu wa nini?

— Nyekundu inavuta moto. Mpira ukipata moto unashika njia. Na kiatu cha upande wa baharini aongeze soli, asimame sawa.

— Kimoja tu? Si atachechemea!

— Akitoka atavaa vengine.

— Mimi nnasema nunua mipira minne, alisema Ghassan. Mkubwa, mdogo, wa kati na wa akiba. Hautakosa mmoja wa kumfaa.

Murshid alisimama, akaitazama barabara, akakaa, akasimama tena. Wenzake walikuwa wakistarehe na shida yake, naye hakuwa na shida nyingine ya kuwapa.

Akatoka dukani Douglas, Mkenya, mhasibu wa hoteli, aliyekuwa akisubiri viti vya gari lake vishonwe. Ghassan akamsogezea nafasi. Murshid akamimina kikombe akampa, na Douglas akanyoosha mkono wa kushoto.

— Kulia, bwana! walipiga kelele wote watatu. Kahawa hupokewa kwa mkono wa kulia!

Douglas akabadilisha upesi.

— Pole, wazee. Mimi ni wa kushoto tangu nizaliwe, huwa najisahau.

Akanywa, akakaa kidogo.

— Nimewasikia nikiwa huko ndani. Huo mpira wa mama, mnataka utobolewe wa mkono gani?

— Mkono gani vipi? Badr aliuliza.

— Si vidole vinaingia kwenye mashimo, na ya mkono wa kushoto si sawa na ya kulia? Sasa, yeye hurusha na kulia ama na kushoto?

— Kulia! alisema Badr.

— Umemwona?

— Sijamwona. Lakini…

Wote wakamgeukia Murshid. Murshid akaitazama bangili.

— Basi ile plasta, Douglas alisema kwa upole. Ilikuwa mkono gani?

Murshid akajaribu kuiona. Plasta aliiona vizuri, mpaka doa la manjano la bizari. Mkono haukuja. Alikula meza moja na plasta ile siku tatu, na mkono haukuja kabisa.

— Anakula kwa wa kulia, alisema polepole. Na anaandika kwa wa kulia.

— Hata mimi naandika na kulia, alisema Douglas. Mwalimu alihakikisha.

Murshid aliona haya, haya ya kweli, mbele ya mtu aliyemjua kwa kikombe kimoja tu cha kahawa.

Honi ikalia. Corolla nyeupe ilisimama kando ya barabara bila ya kuzimwa injini, akateremka Kheiria na nguo zake za kazini, mkoba umening'inia bega la kushoto, mkono wa kulia mtupu.

— Murshid! Nimepita nyumbani, bangili yangu siioni. Hujaiona wewe?

— Mrushie, Ghassan alinong'ona.

— Dhahabu?

— Mrushie, nnakwambia!

Murshid akairusha. Kheiria akaidaka hewani kwa mkono wa kushoto. Mkoba ukamteleza begani ukaanguka, na ule wa kulia haukutikisika.

— Una wazimu? Dhahabu hii!

— Kheiria, wewe ni wa kushoto?

Kheiria akaitazama bangili, akawatazama watu wa kile kiti, kisha akamtazama mumewe.

— Leo ndiyo unaniuliza?

— Nnataka kukununulia mpira. Fundi anaondoka kesho. Sikujua mkono gani.

Kheiria akauokota mkoba. Kisha maneno yakaanza kutoka, mengi, kama zamani.

— Nilipokuwa mdogo nasoma Kurani chuoni Unguja, mwalimu aliufunga mkono huu kwa kitambaa. Nyumbani mama naye, kila nikiutoa anaupiga. Nikazoea. Sasa siku ile ya kwanza ukumbini nimeshika mpira kwa wa kulia, ukaniponyoka. Mwanamize, mwenzangu wa kazini, akaniambia, jaribu mwengine. Nikajaribu. Murshid, pini zote ziliondoka! Zote! Nimekuja mbio nyumbani nikuhadithie, na wewe ukacheka.



— Nisamehe, alisema Murshid.

— Ingia garini. Duka litafungwa.

Murshid akageuka aende, akaona bado ameshika birika. Ilibaki kahawa ya kikombe kimoja. Akammiminia Douglas, na Douglas, ambaye safari hii hakutaka kukosea, akanyoosha mkono wa kulia. Murshid akakirudisha kikombe nyuma.

— Ule mwengine, bwana.

Douglas akawatazama wazee. Ghassan akatazama barabarani, Badr akatazama doa la kahawa kwenye kanzu yake. Douglas akapokea kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyepiga kelele.